Stetoskopu ya Masikio Yako: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Mwenye Usikivu Hafifu

Orodha ya vifaa anayopewa anayejiunga na chuo cha uuguzi na ukunga haijali masikio ya mtu. Sare, viatu vya kufunika, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu moja. Stetoskopu gani, haisemi. Mwenzako atachukua ile ya kwanza atakayoonyeshwa dukani na pengine itamfikisha mpaka mahafali. Wewe unayesikia kwa shida usinunue hivyo, wala usikimbilie ya bei ya juu kuliko zote kwa kudhani kuwa pesa nyingi ndiyo sauti kubwa. Kabla ya dukani, pitia kliniki ya masikio. Kama umeshapimwa, itafute ile karatasi waliyokupa.

Karatasi yenyewe inaitwa odiogramu. Juu yameandikwa masafa ya sauti, kuanzia Hz 250 kushoto, au 125 kwa baadhi ya kliniki, mpaka Hz 8,000 kulia. Pembeni kuna desibeli: alama yako ikiwa chini zaidi, ujue sauti inahitaji kuongezwa zaidi ndipo uisikie. Kliniki wanakupima ili usikie maneno ya watu, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kukuambia jambo hili: mapigo ya moyo kwa sehemu kubwa yako chini ya Hz 150, na zile sauti tunazozitegea tunapopima presha ziko chini ya Hz 200. Yaani kazi kubwa ya stetoskopu iko pembezoni kabisa mwa karatasi yako upande wa kushoto, na nyingine imetoka nje ya karatasi. Alama zako za 250 na 500 ndizo jirani wa karibu wa moyo, anza kuziangalia hizo. Sauti za mapafu ziko juu zaidi, takriban Hz 100 hadi 1,000, na mluzi wa mgonjwa wa pumu mara nyingi huanzia kama Hz 400.

Huenda mstari wako unaanza vizuri kushoto halafu unaporomoka kuelekea kulia. Ndivyo ilivyo kwa wengi walioharibiwa masikio na kelele, au na dawa kama jentamaisini, streptomaisini, na zile sindano za kanamaisini walizokuwa wakichomwa wagonjwa wa TB sugu. Kama ni wewe, inawezekana kabisa moyo unausikia sawasawa na yeyote darasani, kwa stetoskopu ya kawaida isiyo na betri. Kinachokupotea ni konsonanti kama "s" na "f", ndiyo maana wodini unajua kuwa sista anaongea lakini hushiki anachosema. Hilo ni tatizo la kweli, ila halitibiwi na stetoskopu ya laki kadhaa. Mapafu ndiyo utakayoyaangalia kwa makini zaidi, hasa ile mikwaruzo myembamba ya chini ya kifua.

Kama mstari umelala chini kuanzia mwanzo hadi mwisho, au umezama zaidi kushoto, hapo ndipo kifaa cha kukuza sauti kinapolipa. Na kama shida yako ni ya sikio la kati, tuseme ngoma iliyotobolewa na usaha wa utotoni, una bahati ya aina yake: sauti ikikuzwa mara nyingi unaipata safi, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kusikia haujaguswa. Asiyesikia sikio moja tu asihangaike. Mirija yote miwili hubeba sauti ileile, na sikio zima litatosha.

Jaribu ya kawaida kwanza

Ushauri wangu kwa mwenye upungufu mdogo au wa kati ni kuijaribu kwa haki stetoskopu nzuri ya kawaida kabla ya kufikiria ya umeme. Nasema kwa haki kwa sababu wanafunzi wengi, hata wenye masikio mazima, hawajawahi kuivaa ipasavyo. Ncha za masikioni zinatakiwa zielekee mbele, upande wa pua, zifuate njia ya sikio ilivyokaa. Ukizigeuza zinagonga ukuta wa sikio na sauti inakufa hapohapo. Ncha ziwe laini na zizibe vizuri. Zinauzwa kwa saizi, na stetoskopu ya maana huja na jozi ya akiba. Mwanya mdogo tu ukibaki, zinazotoroka kwanza ni sauti nzito, yaani za moyo. Na nta ya masikio isafishwe kliniki. Njiti ya kiberiti haisafishi, inashindilia.

Halafu kichwa cha stetoskopu. Chenye pande mbili huzungushwa: upande wenye kengele ni wa sauti nzito na huwekwa kwa wepesi, upande wa kiwambo kipana ni wa sauti nyembamba na hukandamizwa. Gusa kiwambo kwa kidole kabla hujamwekea mgonjwa, ujue upande gani umefunguka. Baadhi zina kiwambo kimoja kinachofanya kazi zote mbili: ukigusa kidogo unapata sauti nzito, ukibonyeza unapata nyembamba. Kwa asiyesikia vizuri napendelea hizi, maana mkono ukishazoea unaongeza na kupunguza bila kugeuza chochote, huku macho yakibaki kwa mgonjwa. Mpira uwe mnene na usiwe na ufa. Urefu wake, sentimita 56 au 69, hauna uzito ambao wauzaji wanaupa.

Jina la Littmann, chapa maarufu ya stetoskopu, linaigwa sana. Halisi huwa na namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye kichwa chake, basi iangalie na udai iandikwe kwenye risiti. Ukikuta karatasi za bidhaa zimetaja Solventum badala ya 3M, usikatae kwa hilo tu: ni kampuni iliyojitenga na 3M mwaka 2024 na kuondoka na biashara ya vifaa vya afya, Littmann ikiwemo.

Inapobidi ya umeme

Stetoskopu ya kielektroniki ina kinasa sauti ndani ya kichwa chake, kikuza sauti na betri. Watengenezaji hushindana kwa namba: Littmann CORE inatangazwa kukuza hadi mara 40, Thinklabs One zaidi ya mara 100. Namba hizo zisikutie kiwewe. Mashine haichagui cha kukuza. Itakukuzia moyo, na nywele za kifua zinazosugua kiwambo, na shuka, na feni ya darini. Swali lenye faida zaidi kwako ni hili: sauti ikishakuzwa, inatoka wapi na inaingiaje sikioni mwangu?

Hapo ndipo hizo mbili zinapoachana. CORE ina mirija na ncha za masikioni kama stetoskopu yoyote, na unaweza kuiunganisha na programu ya simu kwa Bluetooth. Thinklabs One haina mirija. Ni kidude cha mviringo kinachokaa kiganjani, chenye tundu la kuchomeka hedifoni. Asiyevaa kitu masikioni ataiona CORE rahisi, maana anaivaa na kazi inaendelea. Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, atapata njia nyingi zaidi kwenye tundu lile dogo. Ila ukichomeka hedifoni za bei ya chee zisizotoa besi, umejinyima moyo wenyewe, hata ukikuza mara elfu. Hili ndilo kosa linalowafanya watu waseme kifaa kibovu wakati ubovu uko kwenye waya.

Zote zina vichujio: kimoja cha sauti nzito kwa moyo, kingine kipana kwa mapafu. Jifunze kuvibadili bila kutazama. Programu ya simu huonyesha pia mchoro wa mapigo, na kwa mwenye macho mazuri kuliko masikio mchoro huo ni mwalimu wa ajabu: unaona pigo la kwanza, la pili, na kama kuna kitu katikati yake. Tahadhari ni moja. Kurekodi sauti ya kifua cha mgonjwa ni kuchukua taarifa zake. Mwombe ruhusa, na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Bei, kwa huko zinakouzwa, ni kama dola 300 hadi 500 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Kwa fedha hizo, usinunue kabla ya kuijaribu au kukubaliana kwa maandishi kwamba utairudisha isipokufaa. Ukiijaribu, usiishie kwenye chumba kimya kwa rafiki mwenye kifua chembamba. Ipeleke pia mahali penye kelele, kwa mtu mnene, kwa mtoto. Mazoezi ya sauti za moyo na mapafu yamejaa kwenye intaneti, lakini yasikilize kwa hedifoni nzuri. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho, na utadhani masikio yako yamezidi kuharibika.

Ukiwa unavaa shimesikio

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu kwa utulivu, iwe hii. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Vingi havihangaiki na sauti za chini ya Hz 250. Zaidi ya hapo, kama vyako vina kile kifuniko laini chenye matundu, sauti nzito huvuja na kutoka nje. Kwa hiyo kuweka stetoskopu juu ya shimesikio ukitegemea itasaidia, mara nyingi kunaleta mluzi wa kifaa na maumivu. Vile vidogo vinavyoingia ndani kabisa usivisukume kwa ncha ya stetoskopu hata siku moja.

Njia ya kwanza ni kuvivua, na wengi wenye upungufu mdogo hadi wa kati hufanya hivyo. Unavivua, unasikiliza kwa stetoskopu inayokuza, unavirudisha. Gharama yake ni kwamba kwa dakika mbili hizo humsikii mgonjwa wala mkufunzi. Mwambie mgonjwa kabla: "Baba, nasikiliza kifua, ukitaka kusema kitu niguse mkono." Uwe na kiboksi mfukoni, na mikono iwe imesafishwa kabla ya kuvigusa na baada. Wodi ya wagonjwa wenye maambukizi si mahali pa kuweka shimesikio juu ya meza ya kitanda.

Njia ya pili ni hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, juu ya shimesikio za nyuma ya sikio. Kumbuka kinasa sauti chake kiko juu ya sikio, siyo ndani. Hedifoni isipokifunika hakisikii. Njia ya tatu ni koili, ile inayowashwa kwa kitufe chenye herufi T kwenye shimesikio nyingi za nyuma ya sikio. Unavaa kitanzi shingoni, unakichomeka kwenye tundu la stetoskopu, na sauti inaingia bila kupitia kinasa sauti, kwa hiyo kelele za wodini zinabaki nje. Watu wanaisahau koili kwa kuwa ni ya zamani. Mimi naona kwa kazi hii haijapata mpinzani. Ya nne ni Bluetooth, kutoka stetoskopu kwenda simu kwenda shimesikio. Ni nadhifu, lakini sauti huchelewa kidogo. Kwa mapafu haina neno. Lakini ukitaka kushika mshipa kwa kidole huku unasikiliza moyo ili ujue sauti gani imeambatana na pigo, ucheleweshaji huo utakupoteza.

Njia yoyote utakayochukua, rudi kwa mtaalamu wa usikivu ukiwa na stetoskopu mkononi. Mwombe aweke programu ya pekee ndani ya shimesikio zako: afungue sauti nzito kadiri kifaa kinavyoruhusu, na azime vile vipengele vya kupunguza kelele. Vipengele hivyo ni werevu kwenye daladala, ila kwenye kifua cha mgonjwa huihesabu pumzi kuwa kelele na kuifuta. Uliza pia kama utengenezewe kifuniko cha sikio kinachoziba badala ya kile chenye matundu. Nusu saa hiyo itakusaidia kuliko kupanda daraja la stetoskopu.

Aliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio hana njia ya kuvua, maana akivua hasikii kitu. Kwake ni waya, koili au Bluetooth, na sauti nzito atazipata kwa sura ngeni ambayo ubongo utahitaji kuizoea kwa mazoezi mengi. Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Vyuo vijiandae, watoto waliopandikizwa watakua.

Wodi ya wazazi

Kwa wanafunzi wetu, ambao uuguzi na ukunga ni masomo pacha, kikwazo kikubwa zaidi kinaweza kuwa fetoskopu kuliko stetoskopu. Ile pembe aliyoibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 bado iko kwenye kila chumba cha kujifungulia, na haina kitufe cha kuongeza sauti. Unaweka sikio, unaondoa mkono, unategea mapigo 110 hadi 160 kwa dakika kutoka ndani ya tumbo la mama anayehangaika kwa uchungu, kila nusu saa, na unajaza patografu. Wenye masikio mazima hutoka jasho. Mwenye usikivu hafifu anaweza kusikia damu yake mwenyewe ikipita na kuandika 140.

Usiandike namba usiyoisikia. Dai Dopla. Ya mkononi hutoa sauti kwa spika na kuonyesha namba kwenye kioo. Moyo, kifaa cha Laerdal, ni cha aina hiyo, na kimetumika kwenye hospitali kadhaa nchini Tanzania. Nyingine zina tundu la hedifoni. Lakini namba ya kioo nayo ina mtego: Dopla inaweza kushika mshipa wa mama ukadhani ni mtoto. Shika kifundo cha mkono wa mama wakati huohuo. Kama namba zinalingana, bado hujampata mtoto. Zungumza na mkufunzi kuhusu Dopla wiki kadhaa kabla ya zamu ya wodi ya wazazi, siyo usiku wa kwanza.

Mtoto akizaliwa hajapumua, mapigo unaweza kuyahesabu kwa vidole kwenye shina la kitovu, karibu na tumbo. Ni mbinu inayofundishwa kwa wakunga wote, na vidole vyako havina upungufu.

Presha, na yale yasiyohitaji masikio

Mashine ya presha inayopima yenyewe haisikilizi sauti, inahisi mtikisiko wa damu ndani ya mkanda. Kwa kazi za kila siku itumie bila aibu. Hata hivyo mtihani wa vitendo utataka ya mkono, na mashine nayo hushindwa mapigo yakivurugika au presha ikishuka sana. Kwa hiyo jifunze ya mkono. Anza kwa kupapasa mshipa huku ukijaza upepo: pale pigo linapopotea ndipo karibu na presha ya juu, na hilo hulikosi hata ukiwa kiziwi kabisa. Ongeza milimita 30 juu ya hapo, weka stetoskopu, kisha achia polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde.

Ipo hila inayorithishana mabwenini ya kutazama mshale unapoanza kurukaruka na kuandika namba hiyo. Iache. Mshale huanza kuruka kabla ya sauti ya kwanza, na utamwandikia mgonjwa presha asiyo nayo. Badala yake omba stetoskopu ya kufundishia, ile yenye seti mbili za masikioni kwa kichwa kimoja. Mkufunzi anasikiliza pamoja nawe, kila mmoja anaandika kimyakimya, mnalinganisha. Ukitoka na namba zinazokaribiana mara kwa mara, hakuna atakayekubishia tena.

Mambo mengine hayahitaji kusikia, japo wanafunzi hudhani yanahitaji. Homa ya mapafu kwa mtoto, kwa mwongozo unaotumika vituoni kwetu, hupimwa kwa kuhesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, pamoja na kutazama kama kifua kinabonyea ndani. Mpira wa kulishia wa puani haupaswi kuthibitishwa kwa kupuliza hewa na kusikiliza tumbo, hata na mwenye masikio makali. Kipimo ni karatasi ya pH, na 5.5 kushuka chini ndiyo salama.

Chuoni

Sema mapema, na sema kwa maandishi. Barua moja kwa mkuu wa chuo, nakala kwa mratibu wa mafunzo ya vitendo, ukiambatisha odiogramu. Usiandike kwamba una tatizo ukaishia hapo. Andika unachohitaji: kutumia stetoskopu yako kwenye mtihani wa vitendo, muda mfupi wa kuiunganisha, Dopla wodi ya wazazi, na mkufunzi akuangalie usoni anapokuelekeza, hasa anapovaa barakoa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ilipitisha mpya mwaka 2025. Zitaje kwa adabu, sentensi moja inatosha. Uliza pia kama chuo kinaweza kununua kifaa kikabaki mali ya chuo, kikatumiwa na watakaokuja baada yako. Ombi la namna hiyo hupita kirahisi kuliko la mtu binafsi.

Ukishakipata, kichaji kila jioni kama simu, futa kichwa na ncha kwa spiriti baada ya kila mgonjwa lakini usikitumbukize majini, na weka stetoskopu ya kawaida kwenye mkoba kwa siku ambayo umeme umekatika. Andika jina lako kwenye mpira kwa wino usiofutika. Wodini stetoskopu huazimwa asubuhi na kurudi wiki ijayo, ikirudi, na daktari wa zamu hatajua kwamba umeiwekea kichujio na kiwango cha sauti cha sikio lako. Atavuta mpaka mwisho, atashtuka, atakurudishia imevurugika. Mtu akinyoosha mkono, mpe ile ya kawaida.